Mamlaka ya Vijana ya California

Mamlaka ya Vijana ya California (kifupi: CYA) ilikuwa idara ya serikali ya jimbo la California, nchini Marekani, iliyopewa kazi ya kuwaweka, kuwafundisha na kuwarekebisha vijana waliopatikana na makosa makubwa. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1941. Mwaka 2005 iliunganishwa na idara ya magereza ya jimbo na kupewa jina jipya, Kitengo cha Haki kwa Vijana (kifupi: DJJ). Ilifungwa rasmi tarehe 30 Juni 2023, na kazi yake yote ikarudishwa kwa kaunti 58 za jimbo hilo.

Taasisi za namna hii huitwa shule za maadilisho nchini Tanzania. Nchini Kenya kuna shule za urekebishaji kwa watoto, na borstal, kama ile ya Shikusa na ile ya Shimo la Tewa, kwa vijana wakubwa zaidi. CYA ilikuwa kubwa kuliko hizo zote kwa mbali: mwaka 1996 ilikuwa na vijana zaidi ya 10,000 kwa wakati mmoja. Miaka 16 baadaye walibaki takriban 1,000. Uhalifu wa vijana ulipungua katika kipindi hicho, lakini upungufu huo peke yake hauelezi kushuka huku. Sehemu kubwa ya maelezo iko katika swali la nani alipe gharama za kumweka kijana: jimbo au kaunti iliyomtuma. Swali hilo linajirudia katika historia yote ya mamlaka hii.

Shule za kwanza

Muda mfupi kabla ya mwaka 1890 California haikuwa na mahali maalumu pa jimbo pa kuwaweka watoto waliohukumiwa kwa makosa makubwa. Wengine walipelekwa San Quentin, gereza la watu wazima. Mwaka 1889 bunge la jimbo lilipitisha sheria za kujenga shule mbili. Ya kwanza ilifunguliwa Whittier, karibu na Los Angeles, mwaka 1891. Ya pili, Preston, ilifunguliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Ione, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana saba waliotolewa San Quentin. Jengo lake la matofali mekundu lenye minara lilifanana na ngome ya kifalme, na mpaka leo watu wa pale huliita kasri. Baadaye wasichana walipata shule yao huko Ventura.

Majina ya shule hizi yalitaja viwanda na mafunzo, na kweli wavulana walijifunza useremala, uchapaji, ushonaji viatu na kilimo. Lakini nidhamu ilikuwa ya kijeshi, na adhabu zilikuwa kali. Whittier ilibadilika chini ya Fred C. Nelles, aliyekuwa mkuu wa shule tangu 1912 hadi alipofariki 1927. Aliondoa baadhi ya adhabu za viboko, akajenga nyumba ndogo badala ya mabweni makubwa, na akaleta wanasaikolojia wa kuwapima wavulana.

Upimaji huo ulikuwa na upande wake mbaya. Ulifanywa katika miaka ambayo California iliongoza Marekani nzima kwa kuwafunga kizazi watu walioitwa wapungufu wa akili, chini ya sheria ya 1909. Wavulana walioshindwa katika majaribio ya akili, wengi wao wakiwa wa asili ya Meksiko au Waafrika-Wamarekani waliopimwa kwa maswali yaliyotungwa kwa watoto wa Kizungu, waliweza kuhamishiwa kwenye vituo ambako walifungwa kizazi. Gavana Gray Davis aliomba radhi kwa niaba ya jimbo kuhusu sera hiyo mwaka 2003.

Kuanzishwa kwa mamlaka

Miaka ya mwisho ya 1930 Whittier ilirudi katika hali mbaya. Mwaka 1939 mvulana wa miaka 13 alikutwa amejinyonga katika chumba cha adhabu. Mwaka uliofuata mwingine wa miaka 17 alikufa vivyo hivyo. Jamii ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko ya Los Angeles ilidai uchunguzi, magazeti yakaishikilia habari hiyo, na Gavana Culbert Olson akaunda kamati.

Wakati huohuo taasisi ya wanasheria wa Marekani, American Law Institute, ilikuwa imetoa mwaka 1940 rasimu ya sheria ya mfano kwa majimbo yote. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Hakimu ana ujuzi wa kuamua kama kijana ametenda kosa, lakini hana ujuzi wa kuamua ni nini kitakachombadilisha. Kwa hiyo, baada ya hukumu, kijana akabidhiwe kwa mamlaka ya wataalamu itakayompima, kumpangia mahali, na kumwachilia pindi atakapokuwa tayari.

California ilikuwa jimbo la kwanza kuitumia rasimu hiyo, na Olson alitia saini sheria yake mwaka 1941. Mwanzoni mamlaka mpya haikuwa na shule yoyote mkononi mwake. Ilikuwa bodi ya watu watatu tu. Mnamo 1943 ndipo ilipopewa usimamizi wa Whittier, Preston na Ventura. Mkurugenzi wake wa kwanza, Karl Holton, alitoka katika idara ya probesheni ya Los Angeles. Alianzisha kambi za misitu ambako vijana walipanda miti, walitengeneza barabara na kuzima moto wa nyika. Kambi hizo ndizo zilizodumu kuliko kitu kingine chochote alichokianzisha.

Kijana alivyoingia na alivyotoka

Kijana alifika CYA kwa amri ya mahakama ya watoto ya kaunti, baada ya kaunti kuona kwamba haina njia nyingine. Mahakama zilikuwa na hatua kadhaa kabla ya hapo: onyo, probesheni nyumbani, nyumba ya kulea, kambi ya kaunti. CYA ilikuwa mwisho wa ngazi. Wengi walifika wakiwa na umri kati ya miaka 15 na 18, lakini mamlaka iliweza kuwashikilia wenye makosa mazito hadi miaka 25, na kwa sababu hiyo shule nyingi za CYA zilijaa watu wazima wenye ndevu kuliko watoto.

Kwanza alikaa wiki kadhaa katika kituo cha mapokezi, ambako alipimwa afya, elimu na akili. Kisha alipangiwa taasisi. Huko aliishi katika bweni au seli, alisoma katika shule ya sekondari iliyokuwa ndani ya uzio, na alihudhuria ushauri wa hasira, dawa za kulevya au makosa ya ngono kulingana na kesi yake.

Muda wa kukaa haukupangwa na hakimu. Ulipangwa na bodi ya parole ya vijana, iliyoweka tarehe ya kusikiliza kesi upya. Tarehe hiyo iliweza kusogezwa mbele. Kijana aliyepigana, aliyemtukana mfanyakazi au ambaye hakumaliza somo la lazima aliongezewa miezi. Hapa ndipo wazo la 1941 lilipojikwaa: kanuni ya kumwachilia mtu akiwa tayari ni nzuri, lakini inamhitaji mtu wa kutamka kwamba yuko tayari, na darasa ambalo kijana anaweza kulimaliza. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 kulikuwa na vijana waliosubiri miezi kadhaa kupata nafasi katika somo walilolazimika kulimaliza ili watoke.

Baada ya kutoka, kijana alikuwa chini ya afisa wa parole wa jimbo. Kuanzia sheria ya mwaka 2010 kazi hiyo ilihamishiwa kwa maafisa wa probesheni wa kaunti.

Miaka ya utafiti

Kati ya 1960 na katikati ya miaka ya 1970 CYA ilikuwa na sifa ambayo si rahisi kuiamini kwa aliyeifahamu baadaye. Wageni kutoka nchi nyingi walikuja kuitazama. Ilikuwa na idara yake ya utafiti, na ilikubali kufanya jambo ambalo taasisi chache za adhabu zimewahi kulikubali: kugawa vijana kwa kura ili kujua kama gereza linasaidia.

Jaribio maarufu lilianza mwaka 1961 huko Sacramento na Stockton chini ya Marguerite Warren, na baadaye Ted Palmer. Vijana waliokwisha kupelekwa CYA waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipelekwa katika taasisi kama kawaida. Kundi jingine lilirudishwa nyumbani mara moja, chini ya afisa aliyekuwa na vijana wachache sana, takriban kumi na mbili, badala ya makumi ya kawaida. Kila kijana aliwekwa katika aina fulani kulingana na ukomavu wake wa kuwaelewa watu wengine, na afisa alichaguliwa kulingana na aina hiyo: mwenye msimamo mkali kwa kijana mjanja, mpole kwa kijana mwenye wasiwasi.

Matokeo ya kwanza yalileta furaha. Vijana wa nyumbani walifutiwa parole mara chache kuliko wale waliotoka katika taasisi. Hata hivyo mwaka 1975 mwanasosholojia Paul Lerman alichapisha uchambuzi wake wa takwimu zilezile na kuonyesha mambo mawili. Kwanza, vijana wa nyumbani hawakufanya makosa machache. Maafisa wao ndio waliokuwa wakiwasamehe makosa madogo ambayo wengine waliadhibiwa kwayo. Pili, maafisa hao waliwaweka mahabusu kwa siku chache mara kwa mara kama njia ya kuwanyoosha, na siku hizo zikijumlishwa zilikuwa nyingi. Palmer hakukubali, na mabishano hayo yaliendelea kwa miaka. Kwa vyovyote vile, jaribio lilithibitisha jambo moja ambalo pande zote mbili zilikubali: vijana wengi waliodhaniwa kuwa lazima wafungwe waliweza kuishi mtaani bila hali ya usalama kuwa mbaya zaidi.

Jaribio jingine liliendeshwa na Carl Jesness katika shule mbili jirani za Stockton, O. H. Close na Karl Holton, mwishoni mwa miaka ya 1960. Shule moja ilitumia mazungumzo ya kisaikolojia katika vikundi. Nyingine ilitumia mfumo wa alama, ambapo kijana alichuma alama kwa mwenendo mzuri na kuzitumia kununua vitu na kupata nafuu. Wafanyakazi wa kila shule waliamini kwamba njia yao ndiyo sahihi. Ilipopimwa, shule zote mbili zilipata matokeo karibu sawa.

Utafiti huu wote ulififia mara baada ya 1974, mwaka ambao Robert Martinson alichapisha makala iliyosomwa Marekani nzima kama tangazo kwamba hakuna programu ya urekebishaji inayofanya kazi. Palmer alikuwa miongoni mwa waliomjibu, akionyesha kwamba karibu nusu ya tafiti alizozitaja Martinson zilikuwa na matokeo mazuri kwa baadhi ya watu. Majibu hayo hayakusikika sana. Wanasiasa wa pande zote walikuwa wamekwisha kusikia walichokitaka.

Nani alipe

Kwa muda mrefu kaunti ya California iliyomweka kijana katika kambi yake ililipa yenyewe. Ikimpeleka CYA, jimbo ndilo lililolipa, na kaunti ilidaiwa dola 25 tu kwa mwezi. Hakimu hakuhitaji kuwa mtu mbaya ili kuona njia nyepesi ilikuwa ipi.

Mwaka 1965 bunge la jimbo lilijaribu kuugeuza mvuto huo. Chini ya sheria ya ruzuku ya probesheni, kaunti ililipwa hadi dola 4,000 kwa kila mtu ambaye haikumpeleka kwa jimbo, ikilinganishwa na idadi iliyokuwa ikiwapeleka miaka ya nyuma. Matokeo yalikuwa ya haraka. Idadi ya waliopelekwa ilishuka kwa kiwango kikubwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya shule zilifungwa. Polisi walilalamika kwamba wahalifu wanaachwa mtaani kwa ajili ya fedha. Mfumuko wa bei nao ukaila ile dola 4,000, kwa kuwa kiasi hicho hakikuongezwa. Mpango ulifutwa mwaka 1978.

Miaka ya 1980 mvuto ulirudi ulikokuwa. Idadi ya vijana ikapanda, adhabu zikarefuka, magenge ya Los Angeles na ya bonde la kati yakagawana mabweni. Jimbo lilijenga taasisi zaidi, ikiwemo N. A. Chaderjian huko Stockton, iliyofunguliwa 1991 na iliyofanana na gereza la watu wazima kwa seli zake. Mwishoni mwa muongo huo CYA ilikuwa na taasisi 11 na kambi 4, nyingi zikiwa na watu kuliko nafasi.

Kisha mwaka 1996 bunge lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 1997. Ada ya mwezi ilipandishwa kutoka dola 25 hadi 150 kwa wenye makosa mazito. Kwa wale wenye makosa mepesi zaidi kaunti ilitakiwa kulipa nusu, robo tatu au gharama yote, kadiri kosa lilivyokuwa dogo. Hapakuwa na mabadiliko yoyote katika sheria ya makosa. Vijana walikuwa walewale, na mahakimu walikuwa walewale. Lakini kaunti ziligundua ghafla kwamba vijana wengi waliokuwa wakiitwa hatari wangeweza kutunzwa karibu na nyumbani.

Mwaka 2007 sheria nyingine ilizikataza kabisa kaunti kuwapeleka wenye makosa yasiyo ya ukatili, na ikazipa ruzuku iliyokokotolewa kwa dola 117,000 kwa mwaka kwa kila kijana waliyebaki naye. Kwa kuwa taasisi zilibaki na vijana wachache huku gharama za majengo na wafanyakazi zikiendelea, gharama ya kila kijana ilipanda mpaka kupita dola 200,000 kwa mwaka. Kuanzia 2012 kaunti zilidaiwa dola 24,000 kwa mwaka kwa kila kijana, bila kujali kosa.

Kesi ya Farrell

Mnamo Januari 2003 mlipakodi mmoja alifungua kesi katika mahakama ya kaunti ya Alameda akidai kwamba fedha za umma zinatumiwa kinyume cha sheria, kwa sababu CYA haifanyi kile ambacho sheria inaitaka ifanye, yaani kurekebisha. Mlipakodi huyo alikuwa ndugu wa kijana aliyekuwa ndani. Njia hii ya kisheria ilikuwa ya werevu: haikuhitaji kuthibitisha ukatili kwa kila mtu mmojammoja, ilihitaji kuonyesha tu kwamba kazi haifanyiki.

Jimbo na wadai walikubaliana kutuma wataalamu wakague. Ripoti zao zilieleza vijana waliofungiwa seli saa 23 kwa siku, matumizi ya mara kwa mara ya dawa ya pilipili, huduma duni za afya ya akili, na wanafunzi waliosomeshwa wakiwa ndani ya vizimba vya chuma, kila mmoja na chake, mwalimu akiwa nje. Mnamo Januari 2004 vijana wawili waliokuwa wakishiriki seli moja huko Preston walikutwa wamejinyonga. Miezi michache baadaye televisheni zilionyesha mkanda wa kamera ya Chaderjian ambamo wafanyakazi walikuwa wakimpiga ngumi kijana aliyelala chini.

Mnamo Novemba 2004 jimbo lilitia saini makubaliano mbele ya mahakama, bila kusubiri hukumu. Msimamizi maalumu aliteuliwa kufuatilia mipango ya usalama, elimu, afya, afya ya akili, ulemavu na tiba ya makosa ya ngono. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 11. Kesi ilifungwa Februari 2016. Katika muda huo mabweni yalipunguzwa ukubwa, ile desturi ya kuongeza miezi kama adhabu iliondolewa, na wafanyakazi walifundishwa mfumo mmoja wa tiba ya mwenendo.

Je, mageuzi yalifaa? Ripoti ya idara yenyewe ya mwaka 2010, iliyowahusu vijana waliotoka 2004 hadi 2005, yaani kabla mageuzi hayajashika, ilionyesha kwamba takriban wanane kati ya kumi walikamatwa tena katika miaka mitatu. Kulinganisha kundi hilo na waliofuata ni vigumu, kwa sababu kadiri sheria zilivyobana mlango, waliobaki ndani walikuwa wale wenye makosa mazito zaidi: mauaji, ujambazi wa kutumia silaha, ubakaji. Taasisi ilikuwa inaboreka huku wateja wake wakiwa wagumu zaidi.

Mahakama ya watoto au ya watu wazima

Jina la mkurugenzi mmoja wa CYA, Allen Breed, linajulikana kwa wanafunzi wote wa sheria nchini Marekani kwa sababu ambayo haikutokana na kazi yake. Katika kesi ya Breed dhidi ya Jones (1975) alitajwa kama mdaiwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimshikilia kijana husika. Kijana huyo wa miaka 17 alikuwa amesikilizwa na mahakama ya watoto ya Los Angeles na kukutwa ametenda wizi wa kutumia silaha. Kisha mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba hafai kushughulikiwa kama mtoto, na akashtakiwa tena katika mahakama ya watu wazima. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba huko ni kushtakiwa mara mbili kwa kosa lilelile. Tangu hapo uamuzi wa kumhamisha kijana lazima utolewe kabla kesi yake haijasikilizwa.

Suala la kuhamisha liliendelea kuathiri mamlaka hii. Mwaka 2000 wapiga kura wa California waliidhinisha Pendekezo la 21, lililowaruhusu waendesha mashtaka kumpeleka kijana moja kwa moja katika mahakama ya watu wazima. Mwaka 2016 wapiga kura walewale waliidhinisha Pendekezo la 57, lililorudisha uamuzi huo kwa hakimu. Mwaka 2018 bunge lilizuia karibu kabisa kuwahamisha walio chini ya miaka 16. Kwa hiyo katika miaka yake ya mwisho DJJ ilianza tena kupokea vijana wengi kidogo, kwani ndiyo iliyobaki kuwa mbadala wa gereza.

Kufungwa

Taasisi zilifungwa moja baada ya nyingine: Nelles ya Whittier mwaka 2004, Stark ya Chino 2010, Preston 2011. Mwishoni zilibaki Chaderjian na O. H. Close huko Stockton, Ventura huko Camarillo, na kambi ya zimamoto ya Pine Grove.

Gavana Jerry Brown alipendekeza kuifunga idara nzima, lakini kaunti na waendesha mashtaka walipinga. Gavana Gavin Newsom kwanza alitaka kuitoa katika idara ya magereza na kuipeleka katika wizara ya afya na huduma za jamii. Maandalizi yalikuwa yamekwisha kuanza wakati janga la UVIKO-19 lilipotikisa bajeti ya jimbo mwaka 2020, na mpango ukabadilishwa: badala ya kuihamisha, waifunge. Sheria ya Septemba 2020 ilisimamisha upokeaji wa vijana kuanzia tarehe 1 Julai 2021, isipokuwa katika hali chache, na ikaziahidi kaunti ruzuku iliyokokotolewa kwa dola 225,000 kwa mwaka kwa kila kijana. Kwa mara nyingine fedha zilitangulia.

Hofu kubwa ilikuwa kwamba mahakimu wakikosa DJJ, wangewahamishia vijana wengi zaidi katika mahakama za watu wazima. Kwa sababu hiyo sheria ya 2021 iliunda vituo salama vya tiba vya kaunti kwa walio na umri wa miaka 14 na zaidi wenye makosa mazito. Hapa hakimu ndiye anayepanga muda wa msingi, si bodi, na lazima akague maendeleo ya kijana kila baada ya miezi sita. Anaweza kupunguza muda huo au kumhamishia mahali pasipo na ulinzi mkali. Ofisi mpya ndogo ya jimbo, iliyo chini ya wizara ya afya, hutoa ushauri na kupokea malalamiko. Kwa maneno mengine, wazo la 1941 la kumwondolea hakimu uamuzi wa muda limeachwa.

Kaunti hazikuwa tayari kwa kiwango sawa. Baadhi zilitenga vyumba katika mahabusu zilezile za watoto zilizojengwa kwa kukaa siku chache, na kijana mwenye hukumu ya miaka mitano akajikuta hana uwanja, karakana wala masomo ya chuo ambayo DJJ ilikuwa nayo. Los Angeles ilipata shida kubwa zaidi. Mnamo Mei 2023 bodi ya jimbo ya ukaguzi ilitangaza kwamba mahabusu zake mbili kubwa hazifai kukaliwa na watoto, na mwezi huohuo kijana mmoja alifariki katika kituo salama cha kaunti hiyo kwa kuzidisha dawa za kulevya. Kaunti ndogo za milimani zisizo na kituo hulazimika kukodi nafasi kwa jirani, na mara nyingine mzazi husafiri mbali kama alivyosafiri zamani kwenda Stockton.

Waliopita humo

Mwimbaji wa muziki wa country Merle Haggard aliwekwa Preston alipokuwa kijana. Eldridge Cleaver, ambaye baadaye alikuwa kiongozi wa chama cha Black Panther na mwandishi, alipita Whittier na Preston kabla ya kufungwa katika magereza ya watu wazima.

Preston ya zamani sasa inatunzwa na wakfu wa hapo Ione, na wageni hulipa kiingilio kuitembelea; wengi huja kwa ajili ya hadithi za mizimu. Mahali pa shule ya Whittier pamejengwa nyumba za kuishi. Kambi ya Pine Grove haikufungwa: jimbo liliendelea kuiendesha kwa mkataba na kaunti, na vijana wanaopelekwa huko bado hufundishwa kuzima moto wa misitu.